Makoti Meupe ya Safari

Jumatano saa nne asubuhi Wahu alibeba sanduku lake hadi kwa mnunuzi wa mahindi pale Matisi, mtaa wa Kitale, akaomba lipimwe kwenye mizani ya magunia. Mizani ilisema kilo ishirini na tisa. Barua ya kampuni ya meli ilikuwa imeruhusu ishirini na tatu kwa familia nzima, kwa hivyo alirudi nyumbani, akamwaga kila kitu kitandani, akaanza upya huku akiimba. Ilikuwa mara ya nne wiki hiyo. Majirani hawakuwa wamemsikia akiimba tangu mumewe aende baharini.

Mumewe, Wangila, alikuwa mhudumu katika meli ya kitalii, zile kubwa zenye ghorofa kumi na mbili na bwawa la kuogelea huko juu. Alikuwa ameondoka kwa mkataba wa miezi tisa na sasa huu ulikuwa mwaka wa nne. Kampuni ilikuwa imeamua kuzizawadia familia za wafanyakazi waliodumu: siku tano melini, kutoka Mombasa na kurudi Mombasa, chakula bure. Barua ilieleza mambo mawili zaidi. La kwanza, mfanyakazi ataendelea na zamu yake kama kawaida. Hataketi na wageni, atakuwa ndani ya sare wakati wote akiwa mbele yao, na wageni hawaruhusiwi kushuka kwenye vyumba vya wafanyakazi. La pili, jioni ya tatu watoto wote watavaa mavazi ya kuigiza, na washindi watapata medali.

Wahu alisoma la pili mara nyingi zaidi.

Alikuwa fundi wa nguo, hasa yunifomu za shule. Watu wa Matisi walisema nguo za Wahu hushika. Walimaanisha kwamba mtoto aliyeshonewa naye aliamka saa kumi na moja alfajiri bila kuitwa, na kufikia Ijumaa alikuwa anajua hesabu ya kuzidisha hadi saba. Wahu mwenyewe alisema siri ni mabega. Nguo ikikaa vizuri mabegani, inafanya kazi yake.

Alianza na Mukhisa, kifungua mimba wake, aliyekuwa na miaka saba na aliyetaka kuwa simba. Manyoya ya shingoni aliyatoa kwenye nyuzi za gunia la katani, akazichemsha na majani ya chai zikapata rangi. Mukhisa alipovaa na kutoka nje, mbwa walilala kifudifudi kutoka langoni hadi kwa watu wa bodaboda, na mbuzi wa Jepkorir, jirani yao, akakataa kutoka zizini. Siku ya pili Jepkorir alikuja.

"Mama Mukhisa, huyo simba wako atavaliwa mpaka lini? Mbuzi imefunga maziwa."

"Nipe mpaka Ijumaa."

"Ijumaa ni mbali, bana. Nakunywa chai ya rangi kama mfungwa." Akamgeuza Mukhisa, akampapasa mgongoni. "Lakini mabega yamekaa. Hapo lazima niseme ukweli."

Nakhungu, binti wa miaka mitano, alishonewa vazi la malkia kutokana na gauni la harusi la mitumba. Alilijaribu kwenye foleni ya maji. Watu walimpisha, na mwenyekiti wa mtaa akavua kofia, akamweleza habari ya mtaro uliopasuka tangu Februari. Nakhungu alimsikiliza mpaka mwisho, akasema utengenezwe kabla ya Jumatatu. Ulitengenezwa Jumapili. Kisha akalivua gauni na kumrudishia mama yake.

"Silitaki. Linawasha shingo."

"Sasa unataka kuwa nani?"

"Baba."

Wahu aliendelea kukunja gauni. Nakhungu alikuwa na mwaka mmoja Wangila alipoondoka, kwa hivyo hakuwa anaujua uso wake, na simu hazikusaidia. Mwaka wa kwanza walipopiga simu ya video masikio ya Wangila yalikuwa yamefifia. Baadaye paji la uso, halafu pua. Tangu mvua za mwaka jana, kilichoonekana ni kola nyeupe, vifungo vya dhahabu na beji ya jina. Mwanamke mmoja wa kijiji cha Kwanza, ambaye mumewe alikuwa kwenye meli hiyo hiyo, alimwambia wake amebaki glavu.

"Si utoe koti kidogo mtoto akuone?" Wahu alikuwa amemuuliza Wangila.

"Nikitoa lazima niwe chini, na huko chini hakuna network," kola ilijibu, kwa sauti yake ile ya upole. "Ni zamu tu, mama. Ikiisha nitaonekana."

Zamu ilikuwa ya saa kumi na sita.

Kwa hivyo Wahu alikuwa anapanga safari hii akiwa na jambo moja moyoni: Nakhungu auone uso wa baba yake. Kwa simu ni mbali, aliwaza. Ana kwa ana itakuwa tofauti.

Alinunua kipande cha tetroni nyeupe, akaweka picha ya koti la Wangila mbele ya cherehani, akakata. Vifungo alivipata kwenye blauzi ya mitumba. Alasiri ya Alhamisi Nakhungu alivaa. Wahu alinyoosha mshono wa kulia, akafunga kifungo cha juu, na mtoto akatoweka. Likabaki koti dogo likiwa limesimama sebuleni, mikono imerudi nyuma.

"Imebana?" Wahu aliuliza.

"Hapana," koti lilisema. "Niko sawa."

Jepkorir alikuwa pale kochini, anamaliza chai, anaeleza habari ya dada yake na shamba la Cherangany. Alikuwa mwanamke mwema. Nakhungu alizaliwa mikononi mwake barabara ilipojaa matope. Alipofika kwenye sehemu ya wakili wa shamba hilo alilikabidhi koti kikombe kitupu bila kugeuza kichwa, akaendelea. Koti lilipeleka kikombe jikoni. Liliporudi, Jepkorir alilipa pia maganda ya ndizi.

Wahu aliona. Akamaliza kusikiliza habari ya wakili, akamsindikiza Jepkorir hadi langoni, akarudi, akafungua vifungo. Nakhungu akatokea, nywele zimelala upande mmoja.

"Mama, si Jepkorir ananijua?"

"Anakujua sana."

Wahu aliketi kitandani kando ya sanduku. Sasa alielewa kwamba si network, na kwamba ana kwa ana haitakuwa tofauti. Wangeenda mpaka Mombasa, wapande meli, wakae siku tano, na kila wakitafuta baba wangeona sinia ikipita. Hata hivyo hakupunguza chochote. Alipakia simba, malkia na koti, akalipeleka sanduku kwenye mizani ya mahindi. Kilo ishirini na tatu kamili. Mnunuzi alipiga makofi.

Ijumaa walishuka Misikhu kumuaga mama yake Wangila, Rosaline, ambaye watoto walimwita kukhu kama nyanya wote wa Kibukusu. Hakuna mtu wa boma lile aliyewahi kusafiri mbali bila kula ugali wa wimbi kwake kwanza. Watoto walikuwa wameshapagawa na safari. Mukhisa aliingia akinguruma bila hata vazi.

"Hiyo meli ina choo?" Rosaline aliuliza.

"Ina vyoo mia nne, kukhu," Mukhisa alisema.

"Mia nne. Watu hao wanakula nini?"

Giza lilipoanza kuingia Rosaline alifungua mlango wa mbele na kuuegemeza jiwe, kama kila jioni. Saa hiyo marehemu wa Misikhu huja kuwasalimu watu wao, wanakaa kidogo na kuondoka. Wa jirani walikuja wawili, wakapita wakipunga mkono. Mume wa Rosaline, mzee Mukhisa, babu ambaye watoto walimjua kama kuka na ambaye mjukuu alipewa jina lake, hakuwa ameonekana hata mara moja kwa miaka kumi na mmoja. Alikuwa amepeleka supu mezani miaka thelathini na mmoja katika hoteli ya wenye mashamba makubwa kule Kitale, na hoteli ikampa sare mpya kama zawadi ya kustaafu. Ndiyo aliyozikwa nayo, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa nguo nzuri kuliko zote. Rosaline aliamini mzee amekataa kuja kwa sababu ya ng'ombe fulani waliyemgombania. Naye alikuwa amemkasirikia miaka hiyo yote.

"Mwonyeshe kukhu koti," Mukhisa alisema.

Nakhungu alivaa, akatoweka. Rosaline alilitazama koti, akaitikia kwa kichwa.

"Hata mzee wangu alikuwa hivyo. Nilikuwa naona kanzu ya hoteli inapanda njia, sufuria mkononi. Alikuwa anavulia hapo mlangoni ndipo nijue ni nani nimeolewa na yeye."

"Kukhu," koti lilisema, "kuna mzee hapo kwa benchi. Anasema yeye ni kuka. Ati unamkalia."

Rosaline alisogea kidogo.

"Mwambie kama ni mambo ya ng'ombe, nilikosea bei. Lakini si angekuja?"

Koti lilisikiliza. "Anasema amekuja kila siku. Ati hata chai yako imekuwa haina sukari tangu mwaka juzi."

"Ni daktari alinikataza," Rosaline alisema. "Si angesema."

"Anasema amesema."

Rosaline aligusa benchi kando yake. Wahu naye alikuwa amesimama na sahani mkononi, kwa sababu hesabu ilikuwa imeingia kichwani mwake kama uzi kwenye sindano: aliye ndani ya sare humwona mwenzake aliye ndani ya sare.

"Nakhungu, kuka ana uso?"

"Yuko na uso wote. Hata ndevu."

Wahu aliweka sahani chini. Alicheka, akamshika mama mkwe wake mabega, wakazunguka nyumba nzima. Kisha wakafungua kasha la mzee, wakatoa vitambaa vya meza ambavyo hoteli ilikuwa ikiwapa wafanyakazi vikipata doa, na cherehani ya Rosaline ikaanza kulia. Kufikia saa tatu Wahu alikuwa na makoti mengine matatu: la Mukhisa, lake na la Rosaline.

Tatizo lililobaki lilikuwa Mukhisa. Alisimama kando ya sanduku, amekumbatia manyoya yake ya katani.

"Mimi ni simba. Nitashinda."

"Utashinda," Wahu alisema. "Mbwa wote wa Matisi ni mashahidi."

"Si basi."

"Lakini jioni hiyo ndiyo moja tu wanaruhusu watoto kuvaa chochote. Siku zingine ukionekana na sare watakuuliza."

Mukhisa alifikiri. Yeye alikuwa na kumbukumbu kidogo ya baba yake, hasa mikono.

"Simba atamwona baba?"

"Simba ataona koti."

Alikaa na jambo hilo mpaka chai ikapoa. Halafu akakunja manyoya mwenyewe, vizuri, akamwachia kukhu yake amtunzie. Gauni la malkia nalo liliachwa. Sanduku likawa jepesi, wakajaza njugu na ndizi za kumpelekea baba.

Asubuhi Rosaline, ndani ya koti lake, hakutoka kuwasindikiza. Kutoka ndani ilisikika sauti yake ikimjibu mzee, ambaye hakuna mwingine aliyemsikia, na kijiko kikikoroga sukari. Basi la kutoka Bungoma liliondoka saa tatu. Watoto waliimba mpaka Eldoret.

Meli ilikuwa kama walivyoambiwa. Siku mbili waliogelea, walikula aiskrimu kwa zamu, na sinia zilipita zikiwa zimebebwa na glavu. Jioni ya tatu, kwenye chumba chao, Wahu aliwafunga watoto vifungo, kisha akafunga vyake, wakapanda ngazi kwenda ukumbi mkubwa.

Ukumbi ulikuwa umejaa watu ambao hawakuwapo jana. Wahudumu wote walikuwa na nyuso. Kulikuwa na yule mwanamume wa Kwanza aliyekuwa amebaki glavu, mrefu, ana mwanya. Kulikuwa na Wafilipino, na wasichana wa Taita, na mzee aliyekuwa anafuta kioo. Karibu na nguzo ya nne Wangila alikuwa amebeba glasi kumi na mbili. Alikuwa amekonda, na alikuwa na mvi mbili juu ya sikio la kushoto ambazo Wahu hakuwa amezijua. Aliwaona akiwa mbali.

Hakuweza kuziweka glasi chini, kwa hivyo walimwendea wao. Wahu alimfuta machozi kwa kona ya koti lake.

"Umekula?" Wahu aliuliza, kwa kuwa hakupata lingine.

"Bado. Nyinyi mmekula?"

"Tumekula sana. Watatufukuza."

Wangila akacheka, na glasi zote zikatetemeka. Kisha kengele ikalia upande wa jikoni. Makoti yalikuwa yamekaa vizuri mabegani, na wote wanne wakageuka kwa pamoja. Walifuta meza arobaini. Mukhisa alikusanya vijiko, Wahu akakunja vitambaa, na katikati ya meza na meza Wangila aliwaeleza yote ya miaka minne, wakamweleza habari ya mbwa, mtaro, na kuka kwenye benchi. Aliuliza maswali mengi sana kuhusu kuka. Wahu alisema baadaye kwamba hakuwahi kuwa na jioni tamu kama ile.

Saa mbili mtangazaji alipanda jukwaani kutoa medali. Papa alipata, na rubani, na kifaranga. Halafu akasoma orodha ya waliosajiliwa, akafika kwenye Mukhisa Wangila na Nakhungu Wangila wa Kitale. Aliangaza macho ukumbini, akasema watoto hao inaonekana hawakufika, akachukua medali ya mwisho kwenye sinia ampe mtoto mwingine. Sinia ilikuwa imeshikwa na Mukhisa, hatua moja kutoka kwake. Nakhungu alikuwa mabegani mwa baba yake. Hakusikia jina lake. Alikuwa amemwinamia, anampapasa nyusi, moja baada ya nyingine, anamwambia afunge macho, sasa afungue.