King'ora Alivyonyamaza

Neno lililetwa na mteja aliyekuja kupunguziwa sketi, nalo likamganda mshonaji kama kupe: eti mtoto aliyelia sana kwa msokoto wa tumbo uchangani, akivunja ungo tumbo humrudia, tena haliji peke yake.

Na binti wa mshonaji alikuwa amelia hivyo. Kila jioni, magoti kayakunja, vingumi kavifumba, mpaka majirani wakambandika jina King'ora. Dawa yake ilikuwa moja: kubebwa mgongoni huku mama akikanyaga cherehani. Mtikisiko ule ukimfikia kifuani, hulala fofofo.

Sasa King'ora alikuwa na miaka kumi na minne, na tangu siku ya sketi mama hakumpa nafasi ya kupumua. Maharage, marufuku. Kulala kwa shangazi, marufuku. Akikunja uso tu, mama huuliza mbele ya wenzake, "Tumbo?"

"Mbu, mama. Nimeumwa na mbu."

"Basi mbu naye apelekwe zahanati," wenzake wakacheka.

Mwishowe binti akabaki na jibu moja: "Sijambo." Nyumba ikapoa. Mama, aliyeomba usiku na mchana kilio kile kikome, akajikuta anakitamani. Kilio kile angalau kilikuwa kinamwita yeye.

Alasiri moja binti alirudi kutoka shuleni uso umempauka. "Sijambo," akapita. Mama akaendelea na upindo wake wa pazia. Mara akahisi kitu kizito kimetua mgongoni: paji la uso la binti. Miguu ikaacha kukanyaga.

"Usiache, mama."

Akakanyaga. "Tumbo?"

"Kichwa. Mwanga unanichoma."

"Tangu lini?"

"Muhula uliopita."

"Na mimi nipo hapa hapa, mwanangu?"

"Ningesema, ungenitoa netiboli."

Mama alitamani ageuke ampakate, ila aliogopa uzito ule usije ukaondoka. Upindo ukaisha. Akachomoa uzi sindanoni, akaendelea kukanyaga bure, mpaka pumzi za mwanawe zikatulia mgongoni mwake.

Kesho yake, zahanatini, muuguzi alimsikiliza binti kwanza, kisha mama na habari zake za kilio cha uchangani. "Wapo waliolia hivyo wakaja kusumbuliwa na kichwa," akasema, "na wengi hawana lolote. Tutamtibu kwa anachosema yeye, si kwa yanayosemwa."

"Na netiboli?" binti akauliza, macho kwa mama.

"Mama unasemaje?"

"Acheze."

Basi, mwenye kichanga anayelia, na mwenye binti aliyeacha kulia, aepuke haya:

Kumtikisa kichanga kwa hasira. Mlaze mahali salama, toka nje upumue, kisha urudi.

Kumpa dawa ya kuambiwa na wateja.

Kuuliza habari za tumbo mbele za watu.

Kumnyima mchezo kwa sababu amesema anaumwa.

Kuridhika na "sijambo" ya haraka.

Kugeuka upesi, akikuegemea.