Gobori la Bunduki Tatu

Ee Mungu wangu, Telesphor aliliosha gobori! Alilisugua kwa msasa nje na ndani, akalipiga sabuni, akalipaka mafuta mpaka likang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Kwa malezi yake ya Sumbawanga, hupeleki kitu kichafu mbele ya watu. Akalivingirisha kwenye kanga ya mkewe, Placida, akalitia mkobani, wakapanda treni kutoka Hayes, walikohamia ughaibuni, hadi Ilford, kwenye klabu ya wakusanyaji wa bunduki za kale.

Klabu ile haipokei mwanachama mpya mpaka silaha yake ifunguliwe mezani. Gobori la Telesphor lilikuwa na mtutu wa bunduki moja, mtambo wa kufyatulia wa nyingine na kitako cha ya tatu. Yeye aliamini kwamba aliyeviunga ni mhunzi wa zamani, fundi kama babu yake aliyefua majembe kule Ufipa. Lakini matapeli nao huunga vipande siku hizi hizi, kisha huviuza kwa jina la ukale. Wazee wa klabu wakisema bandia, basi tena, arudi nalo Hayes.

Mwenyekiti, Mzee Jaswant, Singasinga wa Kisumu, alivaa miwani, akautoa mtutu kwenye mti wa kitako. Akaguna.

"Nani alikwambia uoshe hii?"

"Mimi mwenyewe, mzee. Nilitaka lipendeze."

"Lipendeze! Kwani unaenda kuoa? Kutu ikilala kwa mbao miaka mia, inaacha alama. Hiyo ndiyo ushahidi, na wewe umeisugua yote!"

Telesphor alitamani ardhi ipasuke immeze. Placida, aliyemcheka njia nzima kwa kung'arisha huko, sasa alisogea mezani.

"Mzee, mume wangu ana kiherehere cha usafi, lakini si mwongo. Huo mtambo je? Hajaufungua, skrubu ilimshinda."

Jaswant akatia tone la mafuta, akasubiri, akanyonga bisibisi. Skrubu ikalia, ikatoka. Chini ya mtambo msasa haukuwa umefika. Masizi ya baruti yalikuwa yamekaukia kwenye mti, meusi tititi, na kutu imechora umbo la ule mtambo kona kwa kona. Pembeni, mtu alikuwa ameuchonga mti kwa mkono ili chuma cha bunduki nyingine kikae sawasawa.

"Wee!" Jaswant alipiga meza. "Hizi zimekaa pamoja tangu babu yangu hajazaliwa. Hii ni kazi ya fundi!"

Wazee wakasogea, kila mmoja akitaka kuchungulia. Telesphor alifurahi mpaka machozi yakamtoka, wala hakujali. Jaswant akavuta kadi ya kuwekwa kando ya gobori kwenye maonyesho ya klabu. Kwa desturi yao, juu huandikwa kiwanda kilichotengeneza mtutu.

"Mwandike mhunzi kwanza, mzee," Telesphor alisema.

"Jina hatujui."

"Hata hivyo."

Jaswant akaandika juu kabisa, kwa herufi kubwa: mhunzi, jina halijulikani, kazi safi. Kiwanda akakibana chini. Placida akapiga kigelegele hadi wazee wawili wakaziba masikio.