Kipande cha Kumi na Sita

Hii hutaamini. Sawa, usiamini, lakini usiache kusoma, maana ilitokea mchana kweupe, jikoni, taa ya oveni imewaka, na watu wazima watatu wamesimama wanaangalia.

Ilianza Jumamosi, saa nane mchana. Kitindamimba wa nyumba ile, binti wa miaka kumi na tisa, alikuwa anapika brauni, ile keki nzito ya chokoleti inayokatwa vipande vya mraba. Yake ilikuwa na siagi ya karanga katikati. Alijifunza kwenye simu. Simu yenyewe aliiegemeza kwenye kopo la chumvi, na video ilisimama kila alipoigusa kwa kidole chenye unga. Aliyeyusha siagi na chokoleti juu ya maji ya moto. Akapiga mayai na sukari mpaka bega likalalamika, akatia unga na kakao. Nusu ya rojo akaimwaga kwenye trei, juu yake akatandaza siagi ya karanga taratibu kwa mgongo wa kijiko, kisha akaifunika kwa chokoleti iliyobaki. Dakika thelathini na tano ndani ya oveni. Ilipopoa akakata, nne kwa nne. Vipande kumi na sita.

Akala kimoja. Kona ya nyuma, kulia.

Mpishi lazima aonje, si ndiyo? Alikula amesimama dirishani, haraka haraka, kwa sababu brauni zile zilikuwa na wenyewe. Mama alikuwa amepandishwa cheo kazini na wauguzi wenzake walikuwa njiani kuja kumpongeza.

Sasa, Mama huyu ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, na kazi yake kubwa ni kuhesabu. Mgonjwa akipasuliwa, Mama anahesabu vitambaa vilivyoingia tumboni na vitambaa vilivyotoka. Sindano hivyo hivyo. Mikasi hivyo hivyo. Hesabu isipokubali, daktari hashoni, hata akiwa daktari mkubwa namna gani. Miaka ishirini na mbili hajawahi kukosea, na ndicho kilichompa cheo. Nyumbani pia anahesabu: vijiko, soksi, ngazi anazopanda kila siku na anazozijua.

Alipoingia jikoni alifunua kitambaa, akatazama trei muda mfupi tu.

"Kumi na tano," alisema. "Cha kumi na sita kiko wapi?"

Kitindamimba alitaka kujibu. Kweli alitaka. Lakini siagi ya karanga ilikuwa imemganda kwenye kaakaa, ulimi umenasa kama mguu kwenye tope. Akatikisa kichwa.

Mama akageuka. Kwenye karo alisimama dada wa kazi, Chapuchapu, anaosha bakuli. Walimwita hivyo kwa sababu alifanya kila kitu upesi: kufagia upesi, kucheka upesi, hata kupiga chafya alipiga mbili kwa mpigo. Alikuwa na miaka mitano katika nyumba ile. Kwenye aproni yake kulikuwa na doa la chokoleti, la bakuli lile lile aliloshika.

"Mama, mimi sijala," alisema.

"Mwanangu huyu," Mama alisema, mkono begani kwa Kitindamimba, "hata sukari hachukui bila kuuliza. Amebaki nani?"

"Mama, kweli."

"Si kipande. Kipande ni kitu gani? Ni hesabu. Mimi siwezi kuishi na mtu anayeniharibia hesabu."

Wageni walikuwa wameshafika, wanne, wamepanga viatu mlangoni. Walisikia yote. Mmoja alisema, "Ndivyo wanavyoanza," wengine wakaitikia kwa kichwa.

Siagi ya karanga haikai mdomoni siku nzima. Dakika mbili tu, ulimi wa Kitindamimba ukafunguka. Alikuwa na alasiri nzima ya kusema. Saa kumi na moja Chapuchapu alitoka na begi moja na mto wake wa kulalia chini ya kwapa. Pale getini alisimama.

"Mdogo wangu," alisema. "Wewe unajua."

Kitindamimba alikuwa anaangalia simu. Hakukuwa na kitu kwenye simu. Alikuwa anapandisha picha juu kwa kidole, anazishusha tena.

Jumamosi iliyofuata Mama aliomba trei nyingine ya kupeleka kazini, kwa kuwa wale wageni walizisifia mpaka zikasikika wodi ya watoto. Kitindamimba akapika vilevile. Dakika thelathini na tano zilipotimia akafungua oveni, akavuta trei. Kona ya nyuma, kulia, hapakuwa na kitu.

Haikuwa imeungua wala haikuwa imebomoka. Palikuwa na mraba uliokatwa kwa kisu kikali, na kuta zake zilionyesha tabaka zote tatu, nyeusi, ya karanga, nyeusi. Yaani keki ilikuwa imekatwa kabla haijakatwa. Trei nzima ilikuwa ya moto wa kuunguza, lakini Mama alipoweka kidole pale konani, palikuwa baridi.

"Kumi na tano," alisema Mama, akaenda kumwita Baba.

Baba ni fundi wa friji. Alikuja na bisibisi nne na tochi. Akafungua mlango wa oveni, akabadilisha mpira wake, akaingiza kichwa ndani mpaka mabega, akagonga kuta kwa vifundo vya vidole.

"Oveni ni nzima," alisema kutoka ndani. "Kama ingekuwa friji ningesema gesi inavuja. Keki inavujia wapi, mimi sijui. Mnisaidie kutoka."

Jumamosi ya tatu walisimama mbele ya kioo cha oveni wote watatu, taa ya ndani imewaka. Baba alishika saa. Dakika ya ishirini na saba kipande kilikuwepo, kisha hakikuwepo. Hakikuruka wala hakikuyeyuka. Mama hakuwa amepepesa macho. Mtu wa kazi ile hapepesi.

"Dakika ya ishirini na saba," alisema.

"Nimeandika," alisema Baba, akaenda kuangalia habari.

Saa kumi jioni hiyo simu ya Kitindamimba iliita. Ilikuwa Chapuchapu. Kitindamimba alitoka uani kupokea.

"Mdogo wangu, hamjambo?"

"Hatujambo, dada. Habari za huko?"

"Nzuri. Leo mmeoka?"

Kitindamimba aligeuka kuangalia mlango wa jikoni.

"Nauliza tu," alisema Chapuchapu, "maana kimefika. Bado cha moto."

Akaeleza vizuri, upesi upesi, kama mtu anayesoma orodha ya sokoni. Alikuwa amepata kazi kwa bibi mmoja, mwalimu mstaafu, mji mwingine, safari ya siku nzima. Kipande cha kwanza kilitokea kwenye begi lake, kati ya nguo, na hiki kilitua juu ya mto. Kipande cha mraba, cha kona. Nyumba ile haina oveni, ina jiko la mafuta tu. Bibi ameona makombo.

"Ananiuliza ninamuibia nani," Chapuchapu alisema. "Nimwambie nini? Kwamba nilifukuzwa kwa kipande ambacho sikula, na sasa ndiyo kinanifuata nikile? Nikikitupa, harufu inabaki. Nikikila, ndiyo nimekula. Mdogo wangu, mwambie Mama ukweli, naye ampigie bibi. Neno moja tu linatosha: hakuchukua."

"Nitamwambia."

Akaenda. Na alimwambia, ila nusu. Alisema vipande vinakwenda kwa Chapuchapu, kwenye nguo zake, huko mbali. Mama alikuwa anapiga pasi sare ya kazi. Hakuinua macho.

"Si nilisema?" alisema. "Hata akiwa huko bado anachukua."

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Baba nyuma ya gazeti, bila kumwangalia mtu yeyote. Lakini Kitindamimba alihisi shingo inamuwaka.

"Mama," alisema. "Siku ile..."

Paa! Ulimi ukanasa juu. Siku hiyo hakuwa ameonja chochote, lakini ladha ilikuwa ile ile, karanga na chumvi kidogo, nzito. Alikunywa maji vikombe vitatu. Cha tatu kikamfungua kabisa, angeweza hata kuimba. Mama alikuwa bado amesimama, pasi mkononi, anamsubiri.

"Siku ile nini, mwanangu?"

"Siku ile kulikuwa na joto sana."

"Ndiyo, kulikuwa na joto," alikubali Mama.

Jumamosi iliyofuata Kitindamimba alijifanya anaumwa tumbo, asipike. Alifikiri, kama hakuna trei hakuna kona. Oveni ilikaa baridi mchana wote. Saa kumi simu ikaita.

"Leo kimekuja kibichi," alisema Chapuchapu. Nyuma yake mtu alikuwa anasugua kitu kwa brashi. "Rojo tupu. Kimemwagikia sare za wajukuu wa bibi nilizokuwa nimezikunja. Mdogo wangu, kama hamwezi kusema, basi angalau pikeni."

Basi wakapika. Ndivyo mambo yalivyokaa sawa, na watu wazoea, wewe! Jumamosi saa tisa, trei ndani. Dakika ya ishirini na saba, kona inaondoka. Mama anahesabu kumi na tano, anasema "Imekubali," anafunika kitambaa, Jumatatu anapeleka kazini. Mwanamke ambaye hakuruhusu mtu ashonwe huku hata uzi mmoja umebaki ndani, alijifunza kufunga trei yenye pengo. Siku za mwanzo aliguna kidogo. Baadaye hata kuguna aliacha.

Kitindamimba naye alikuwa na lake. Kila akitandaza siagi ya karanga, kona ya nyuma kulia aliiwekea zaidi, kijiko kizima cha ziada, akaibonyeza ijae. Chokoleti ya juu akainyunyizia karanga zilizosagwa, pale tu. Aliifuta ile pembe ya trei mara mbili kabla ya kuipaka siagi. Alijiambia kwamba kitu kikipikwa kwa moyo namna hiyo, mlaji atajua.

Mlaji alijua. Alipiga simu siku ya Alhamisi, si kawaida yake.

"Kimenona," alisema Chapuchapu. "Ahsante. Sasa nisikilize, nina dakika chache. Bibi ameita wanawe. Jumamosi kuanzia saa tisa watakaa na mimi chumbani, wote, mlango umefungwa, waone natoka vipi kwenda kuiba. Sitatoka. Kitatua mbele yao, juu ya mto, cha moto. Wakikiona kinatoka hewani hawataita wizi tena. Wataita uchawi, na jina hilo halifutiki. Unanielewa?"

"Nakuelewa, dada."

"Nimefikiri. Mama alisema nimechukua mimi, na trei ikamsikia. Labda ikisikia mwingine itaacha. Sema mbele yake. Sema tu, 'Nilikula mimi.' Maneno mawili haya! Watoto wa chekechea wanayasema kila siku."

Alicheka, upesi, kisha akaacha upesi.

"Nitapiga dakika ya ishirini na tano," alisema. "Utaniweka kwenye spika, Mama asikie, bibi asikie. Nakutegemea."

Jumamosi. Saa tisa kamili trei iliingia. Kitindamimba alikuwa amekunywa maji tangu asubuhi, ulimi mwepesi kama jani. Mama alisimama mbele ya kioo, mikono nyuma, kama anavyosimama kazini. Siku hiyo alikuwa na furaha. Kuna muuguzi mpya alikuwa amemuuliza siri ya kutokosea, naye akamjibu, "Anza na nyumba yako."

"Nimemwambia kwamba mwanangu hajawahi kunidanganya," alisema Mama. "Hata mara moja. Na hiyo nayo nimehesabu."

Dakika ya ishirini na tano simu iliita juu ya meza. Ilitetemeka, ikazunguka kidogo kidogo, ikagonga kopo la chumvi. Jina la Chapuchapu liliwaka kwenye kioo, limegeuzwa juu chini kwa upande wa Mama.

"Nani huyo?" Mama aliuliza, macho kwenye oveni.

Kinywa cha Kitindamimba kilikuwa wazi. Hakikunasa. Hakukuwa na karanga wala nini, ulimi ulikuwa umelala mahali pake, tayari. Simu iliita mpaka ikakatika. Ikaita tena. Dakika ya ishirini na sita. Alinyoosha mkono, akaigeuza kifudifudi.

"Watu wa mtandao tu, wanatangaza vifurushi," alisema.

"Hawachoki," alisema Mama.

Simu ikaendelea kutetemeka kifudifudi, halafu ikanyamaza. Dakika ya ishirini na saba kona ya nyuma, kulia, iliondoka.

Jioni ile Chapuchapu hakupiga tena. Jumapili Kitindamimba alipiga yeye, namba ikawa haipatikani. Jumatatu haipatikani. Mpaka leo haipatikani, na anaipiga kila Jumamosi saa kumi, akiwa uani, pale pale.

Wanapika bado. Kona bado inaondoka kwa wakati wake, na bado anaiwekea kijiko cha ziada. Kinafika wapi, au kama kinafika, hakuna tena wa kupiga simu kusema. Mama anahesabu kumi na tano, anasema, "Imekubali." Baba amesema oveni hiyo ni nzuri sana, haijawahi kuharibika, wasije wakaiuza.

Sasa nambie wewe unayesoma, na usijibu haraka. Dakika ya ishirini na sita, simu inaita, ulimi wako mwepesi, Mama yuko pembeni yako anatabasamu. Ungefanyaje?