Mluzi Ambao Arnold Hakuusikia

Arnold alikuwa fundi mitambo wa Kituo cha Sanaa Mtoni, pale Themi, tangu jengo lilipokuwa bado linanuka kahawa. Zamani lilikuwa ghala. Kuta zake ni nene, paa liko juu, na sauti ikiachiwa humo ndani hugonga huku na kule kama mbuzi aliyefungiwa stoo. Mafundi waliokuja na mitambo yao waliondoka wakilaani. Arnold peke yake ndiye aliyejua kulituliza. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akipiga kofi moja katikati ya ukumbi, anasikiliza, anasogeza spika hatua mbili, na mambo yanakaa sawa.

Mwaka huu kituo kilipanga maonyesho ya Jumamosi tatu mfululizo mwezi wa nane, yote saa tisa alasiri. Ya kwanza ilikuwa ya kikundi cha kina mama wa Kiarusha kutoka magharibi ya Mlima Meru, wafugaji na wakulima wa mahindi, wanaoimba na kucheza nyimbo zao za asili. Ya pili ilikuwa ya bendi ya matarumbeta ya usharika mmoja wa Kilutheri wa kule juu mlimani. Ya tatu ilikuwa ya vijana wa kituo chenyewe na ngoma yao mpya. Mkurugenzi Agnela, mwanamke wa miaka arobaini kasoro, hakupenda mambo ya kushtukizana. Mabango alikwisha kuyabandika kuanzia Sekei mpaka Njiro, na kila kikundi alikipa siku yake ya mazoezi ukumbini.

Zamu ya kina mama ilikuwa Jumanne. Walikuja kumi na wanne, wakiongozwa na Nanyori, mwanamke mrefu wa miaka hamsini na kitu, ambaye asubuhi huuza maziwa na mchana hana muda wa kupoteza. Hawakuja na ngoma wala gitaa. Vyombo vyao vilikuwa koo, mabega, na ushanga mpana wa shingoni wenye vipande vya bati vinavyolia wanaporuka. Arnold aliwapangia maiki nne mbele, akarudi kwenye mikseri yake, meza ya vitufe vya kurekebishia sauti, nyuma ya ukumbi, akawaonyesha kidole gumba.

Nanyori akaanzisha, wenzake wakaitikia. Sauti yake ilikuwa nene, imejaa. Arnold akaiongeza nguvu kidogo, akafumba macho, akaongeza tena. Alipofumbua macho aliona kina mama wameacha kuimba. Watatu walikuwa wameziba masikio. Bibi mmoja aliyesimama karibu na spika alikuwa ameinama kama aliyepigwa jiwe. Agnela alikuwa anakuja mbio kutoka ofisini.

"Zima! Arnold, zima!"

Akazima. Ukumbi mzima ukamgeukia.

"Hukuusikia huo mluzi wa spika?" Agnela aliuliza.

"Nimeusikia," Arnold alisema. "Nilikuwa natafuta unatokea wapi."

Hakuwa amesikia kitu chochote. Kwa upande wake ukumbi ulikuwa umetulia kabisa, na wimbo ulikuwa unakwenda vizuri. Wala haikuwa mara ya kwanza. Tangu mwaka uliopita ndege wa asubuhi walikuwa wamenyamaza nyumbani kwake Sekei, naye akajiambia kwamba wamehama. Simu yake ilikuwa ikiita mpaka inakatika, akaisingizia kwamba ni mbovu, akanunua nyingine, nayo ikawa mbovu vilevile. Mtu akitaka kujidanganya hakosi sababu.

Siku hiyo alibadilisha nyaya, akasogeza maiki nyuma, akapunguza nguvu. Kina mama wakajaribu tena. Safari hii aliwatazama nyuso, na nyuso zilipokunjana alijua mluzi umerudi. Akabaki anashika kitufe hiki na kile bila kujua anashika nini. Ilipofika saa kumi na moja Nanyori alisema inatosha, ng'ombe wanasubiri kukamuliwa, wakaondoka.

Agnela alimwita ofisini. "Mzee Arnold, tatizo ni nini?"

Hapo ndipo alipoharibu. Angeweza kusema lolote, lakini alisema, "Kina mama hawajazoea maiki. Wanaruka, wanazisogelea, wanageuka ovyo. Mitambo haina shida. Wapunguzie muda, ama turekodi nyimbo zao, siku yenyewe tupige rekodi wao wacheze tu."

Agnela hakuwahi kuona neno la Arnold likienda kombo katika mambo ya sauti, kwa hiyo hakubisha. Kesho yake asubuhi alimpigia Nanyori simu. Dakika arobaini zikawa kumi, tena kwa rekodi. Nafasi iliyobaki angewapa vijana wa kituo.

Jumatano hiyohiyo, saa tano, Arnold alikuwa uani anakunja nyaya alipomwona Nanyori anaingia getini na madumu yake matupu ya maziwa.

"Habari ya kazi, fundi."

"Nzuri, mama. Karibu."

"Sikai. Nimekuja kukuuliza. Ni kweli umesema hatujui kusimama mbele ya maiki?"

Arnold akainamia nyaya zake. "Ni jambo la kiufundi, mama. Ni gumu kulieleza."

"Basi nitalieleza mimi." Nanyori akaweka madumu chini. "Mume wangu, Yiamat, alianza hivihivi. Ng'ombe dume akinguruma zizini, anasikia. Mtoto mdogo akimwita, hasikii. Halafu anagomba kwamba watoto wa siku hizi hawana salamu. Jana nilikutazama. Kila mtu humo ndani alikunja uso, wewe ulikuwa unatabasamu."

Arnold aliacha kukunja nyaya. Alihisi masikio yake yanapata moto.

"Utamwambia Agnela?" aliuliza mwishowe.

"Masikio ni yako," Nanyori alisema. "Sina haja nayo. Mimi zangu ni nyimbo. Tumezifanyia mazoezi tangu mwezi wa tano, kila siku tukimaliza kukamua, na wewe umetupa dakika kumi." Akaokota madumu yake akaenda zake.

Jioni hiyo Arnold alimkuta mke wake jikoni, anamenya ndizi. Kandida alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kama walimu wengi wa darasa la kwanza, sauti yake ilikuwa nyembamba na ya juu. Arnold alivuta kigoda, akakaa mbele yake, akamwambia yote: mluzi, uongo, kina mama, maneno ya Nanyori.

Kandida aliweka kisu chini. "Tangu lini?"

"Kama mwaka hivi."

"Mwaka." Alilirudia neno hilo kana kwamba analipima uzito. "Mwaka mzima nimedhani umenichoka. Nakuita, hugeuki. Nakueleza jambo, unaitikia 'ndiyo' mahali pasipo na ndiyo. Nimemwandikia Aika huko chuoni Dodoma kwamba baba yako siku hizi anaishi peke yake humu ndani. Nimelia, Baba Aika. Na wewe hata kilio hukukisikia."

"Sauti yako ni nyembamba mno, Mama Aika."

"Ndiyo niliyokuja nayo," Kandida alisema, na akacheka kidogo, kisha akajifuta macho kwa kiganja cha mkono wenye utomvu wa ndizi. "Kesho nenda kamwambie mkurugenzi wako. Usiwaache watu wabebe mzigo wako. Jumatatu twende hospitali."

Walikula wakiwa wamekaa uso kwa uso, jambo ambalo hawakuwa wamelifanya kwa muda mrefu. Kandida alizungumza polepole, naye Arnold akagundua kwamba akimtazama mdomo anapata karibu kila neno.

Alhamisi asubuhi alisimama mbele ya meza ya Agnela, akasema ukweli bila kuupaka sukari. Agnela hakumhurumia papo hapo. Alikuwa ametangaza mabadiliko ya ratiba kwenye makundi yote ya WhatsApp na redioni.

"Kuumwa si kosa," alisema. "Hilo silisemi. Lakini umewasingizia wale kina mama, na mimi nikawapigia simu nikawafundisha adabu ya maiki. Mimi! Unajua nilivyoongea nao?"

"Najua. Nisamehe."

"Si mimi wa kuombwa."

Alichukua simu, akaiweka kwenye spika juu ya meza, akampigia Nanyori. Aliomba radhi kwa maneno machache, akarudisha dakika zote arobaini, kisha akamsukumia Arnold simu. Arnold naye akaomba radhi. Upande wa pili Nanyori akasema, "Tumepokea. Na mitambo ataendesha nani?"

Swali hilo Arnold alikuwa amelitafakari njia nzima kutoka nyumbani. Alisema angeondoa maiki nne za mbele, aning'inize mbili juu kwenye boriti, ili kina mama waruke watakavyo. Kulisoma jengo bado anaweza, kwa macho na kwa miaka aliyokaa nalo. Anachokosa ni masikio ya sauti za juu. Anahitaji mtu wa kukaa naye pale nyuma amwambie mluzi unapoanza, kabla haujakua.

"Mimi nitakuwa mlangoni napokea wageni," Agnela alisema.

"Chukueni mke wa mwanangu, Resiato," Nanyori alisema. "Ana mimba ya miezi saba, hawezi kuruka. Amenuna tangu nilipomtoa mstarini. Na huyo anasikia hata watu wanaomsengenya nyuma ya boma."

Ijumaa kina mama walirudi kwa mazoezi. Resiato alikuwa dada wa miaka ishirini na sita, uso wa mviringo, na kweli alikuwa amenuna. "Shikamoo baba," alisema, akaketi kwenye kiti alichoandaliwa bila kuongeza neno.

"Marahaba. Pole na hali."

"Hali si mbaya. Ubaya ni kukaa."

Arnold alimwonyesha safu ya vitufe. Hivi vya kushoto ni vya sauti nene, alimweleza, na kadiri unavyokwenda kulia ndivyo zinavyozidi kuwa nyembamba. Kwa kuwa Resiato hakuwa na lugha ya mafundi, naye Arnold hakuwa na masikio yake, walitafuta njia ya katikati. Mluzi ukianza, Resiato angenyanyua mkono: usawa wa kifua kama si mwembamba sana, usawa wa bega, usawa wa kichwa, na juu ya kichwa kama unachoma. Arnold angeshusha kitufe kinacholingana. Wimbo wa kwanza walikosea mara tano. Wa pili, mara mbili. Kufikia wa tatu mkono wa Resiato ulikuwa unapanda na kidole cha Arnold kinashuka kwa pamoja, na kununa kwenyewe kulikuwa kumemtoka.

"Baba," alisema ghafla, "na ushanga huusikii?"

"Unalia?"

"Unalia sana. Ila umeufunika. Hebu rudisha kidogo hiki cha mwisho."

Arnold alitazama kule mbele. Vipande vya bati vilikuwa vinacheza vifuani mwa kina mama, vinametameta, kimya kabisa. Akarudisha kitufe kidogo, kisha kidogo tena, mpaka Resiato alipoitikia kwa kichwa kwamba sasa ni sawa. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kurekebisha kitu asichokisikia. Ilimuuma kuliko alivyotarajia, wala hakumficha Resiato.

"Pole, baba," Resiato alisema.

"Asante. Tuendelee."

Jumamosi ukumbi ulijaa. Walikuja watu wa Njiro na magari yao, walikuja majirani wa Themi kwa miguu, na kutoka upande wa magharibi ya mlima likaja basi dogo zima la waume na watoto wa waimbaji, Yiamat akiwa amekaa mstari wa mbele kabisa apate kusikia. Katika wimbo wa pili bibi mmoja alisogea mbele chini ya spika, na mkono wa Resiato ukaruka juu ya kichwa. Arnold akashusha. Hadhira haikujua kitu. Nanyori peke yake ndiye aliyetupa jicho kule nyuma, mara moja tu, kisha akaendelea kuongoza. Dakika arobaini zikafika hamsini kwa sababu watu walikataa kuwaachia washuke.

Jumatatu daktari alimfungia Arnold kwenye chumba kidogo chenye kuta za sponji, akampima, akamwonyesha mchoro wa usikivu wake. Mstari ulikwenda vizuri, halafu kwenye sauti za juu ukaanguka kama ukingo wa korongo. Miaka mingi kando ya spika, daktari alisema. Kilichopotea hakirudi. Kifaa cha kuvaa sikioni kitamsaidia kuongea na watu, lakini si kwa kazi ile kama zamani. Kandida ndiye aliyeuliza maswali. Arnold alikuwa anautazama mchoro.

Agnela hakusubiri mchoro. Kwa bendi ya matarumbeta alikwisha kumwita fundi mwingine, Nathanael wa Njiro, kijana wa miaka thelathini mwenye mitambo mipya. Arnold hakulipenda jambo hilo, akamwambia Agnela wazi kwamba halipendi, na Agnela akasema ana haki ya kutolipenda. Lakini Nathanael alipofunga spika zake, ghala lilimrukia kama lilivyowarukia wenzake wa zamani. Alihangaika saa nzima. Mwishowe akamfuata Arnold, akamwamkia, akamwomba. Arnold akaenda katikati ya ukumbi, akamwambia, "Wewe piga kofi, halafu niambie umesikia nini."

Baada ya bendi Agnela alimpa kazi mpya: msimamizi wa jukwaa, na mwalimu wa mafundi wanaochipukia, siku mbili kwa wiki. Arnold aliomba siku mbili za kufikiri, akapewa moja. Akakubali.

Jumamosi ya tatu, alipokwisha kuwapanga vijana nyuma ya pazia, alikwenda kukaa mstari wa nne kando ya Kandida, mahali ambapo hakuwa amewahi kukaa tangu kituo kifunguliwe. Hakujua mikono aiweke wapi. Ngoma ilipoanza aliisikia yote, kwa maana ngoma ni nene, ikampiga mpaka kifuani.

Kandida alimgeukia, akasema polepole, "Huyo fundi wenu mpya anafaa?"

"Anafaa," Arnold alisema. "Spika ya kushoto ameileta mbele mno. Nitamwambia tukimaliza."