Hamali wa Kifaransa

Tangu nyumba ya mzee Khelef ilipojengwa Ibra, kwenye dirisha la majlis, chumba cha wageni, palikuwa na sanamu la shaba: hamali wa Kifaransa, gunia begani, mgongo umepinda, suruali kaikunja mpaka magotini. Mzee alipewa huko Bujumbura na Mfaransa, jirani yake wa duka, siku mzee alipokuwa akifunga virago kurudi kwao Ibra, kwenye nchi ya Waarabu. Alilipenda kwa sababu yeye mwenyewe alianza maisha kwa kubeba magunia bandarini.

Kumbukumbu zilipoanza kumpotea, hamali akageuka mtu. Kila asubuhi mzee alivuta kiti karibu na dirisha.

"Umeamkaje, ndugu yangu? Mzigo haujakuchosha?"

Kisha humsimulia habari za ziwa la Bujumbura, za mvua, za marehemu mkewe Tamima, kwa Kiswahili kitamu ambacho pale nyumbani hapakuwa na wa kumjibia. Binti yake Buthaina, mwalimu wa skuli, alikifahamu, lakini akijibu kwa Kiarabu, tena mkoba uko mkononi.

Ikaja habari kwamba watu wa Nizwa wanakuja kumposa Raghad, binti yake Buthaina. Wifi yake Buthaina, Aliya, alikuja kusaidia matayarisho, akasimama mbele ya lile dirisha.

"Sanamu majlis, Buthaina? Na babako analiamkia mbele za wageni? Watasemaje?"

Buthaina aliona haya. Mzee alipolala mchana, alilifunga sanamu kwenye shuka, akampa kaka yake Nadhir aende nalo kwake Sur.

Wageni wakaja, halwa ikaliwa, posa ikakubaliwa. Kahawa ilipokuwa inazunguka, mama wa mchumba akatazama huku na huku, akatabasamu.

"Raghad katwambia babu ana rafiki wa shaba. Yuko wapi tumwone?"

"Tumempeleka kusafishwa," alisema Buthaina, uso unamwaka moto.

Siku za mwanzo mzee aliuliza.

"Hamali kenda wapi?"

"Kasafiri, baba."

"Bila ya kuniaga?"

 Buthaina alinuia kwenda Sur kulichukua sanamu Alkhamisi ile, lakini mitihani ya skuli ikamshika, akaahirisha, akaahirisha tena. Mzee naye akaacha kuuliza. Akawa hana tabu, analishwa anakula, analazwa analala, na Buthaina akamshukuru Mungu kwamba baba katulia. Mpaka adhuhuri moja, akimnawisha mikono, ikampitikia kwamba hajui tangu lini hakuisikia sauti yake.

Aliondoka saa ile ile. Kwa Nadhir alilikuta sanamu la hamali stoo, nyuma ya mazulia, uso umeelekea ukuta. Njia nzima ya kurudi alilikalisha kiti cha mbele, kalifunga mkanda kama mtoto.

Alilirudisha mahali pake, akamvutia babake kiti.

"Baba, karudi."

Mzee alilitazama. Akanyoosha kidole, akaligusa gunia, kisha akaurudisha mkono mapajani.

"Zuri," alisema. "La nani?"

"Lako, baba. Rafiki yako."

"Hapa sina rafiki mimi."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayemwambia mpita njia kwamba nyumba siyo hiyo. Buthaina akapiga magoti mbele yake, akayatafuta maneno ya Kiswahili ambayo miaka yote aliyaacha yampite.

"Baba, nambie habari ya ziwa. Ile... ile maji kubwa. Mimi nasikiliza."

Mzee akamwinamia kwa adabu, uso wake umejaa kutaka kumsaidia huyu mwanamke anayelia.

"Ziwa gani, bibi?"

Buthaina akaanza kumweleza, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, ziwa ambalo yeye mwenyewe hajapata kuliona. Mzee alisikiliza kidogo, kisha macho yakafumba, akalala pale pale kitini.