Magoti Chini ya Piano

Watu wanasema mimi nina mdomo. Ninao, na nyumba yetu ya hapa Baraka isingekwenda bila huo mdomo. Lakini piano ya mdogo wangu Émilienne ilinishinda kabisa. Niligomba, nikanyamaza, nikagomba tena, na piano ikabaki palepale.

Émilienne alikuwa mpiga kinanda wa kwaya. Kwetu kinanda cha kanisani hupigwa kwa kusimama. Kwaya inacheza, mpigaji naye anacheza, na akikaa kwenye kiti watu watadhani anaumwa. Basi mwaka juzi, akirudi kutoka Nundu ambako kwaya ilikuwa imealikwa, pikipiki aliyopanda iliteleza kwenye tope kabla ya kufika Lusenda. Dereva aliruka kando. Pikipiki ikamkalia Émilienne miguuni, na alibaki chini yake mpaka watu waliokuwa wakilima karibu walipokuja kuinyanyua. Mguu wa kushoto ulipona. Wa kulia ulipona nusu: anatembea kwa fimbo, na akisimama kwa muda wa wimbo mmoja tu, jasho linamtoka. Kinanda akakiacha. Akahamia kwangu, tukawa tunachambua dagaa pamoja kwa ajili ya soko, akijibu anachoulizwa na kunyamaza. Yeye, ambaye zamani aliimba hata akiosha sahani! Niliumia sana kumwona hivyo, na mimi nikiumia hugomba.

Ndipo kaka yetu Henri, anayefanya kazi Kalemie, akampatia piano ya umeme, ile kubwa yenye vibonyezo vizito, ya kupigwa kwa kukaa. Aliyeuza alikuwa amepoteza stendi yake, ile miguu ya kuiwekea juu. Ilikuja kwa boti la mizigo, imefungwa katikati ya magodoro, na wanaume walioibeba kutoka ufukweni walikuwa wakitukana njia nzima. Nyumbani hatukuwa na kitu cha kuiweka. Meza ya plastiki ilipinda tulipojaribu tu. Tukailaza kwenye kitanda cha binti yangu Divine, naye Divine akahamia kulala na mama yake mdogo, Émilienne.

Mume wangu Placide aliazima stendi ya kanisani, ile ya mabomba membamba yanayopishana kama mkasi. Aliishusha hadi kimo cha mtu aliyekaa, tukaweka piano juu, nikaigusa kwa kidole, ikayumba yote. Hiyo hata mimi niliikataa. Placide akaenda kwa kijana anayechomelea vyuma karibu na soko, akatengenezewa nyingine kwa vyuma vya milango. Hiyo ilikuwa na nguvu kweli. Placide aliikalia, akarukaruka juu yake na tumbo lake lile, nayo ikatulia tu. Tukaweka piano.

Émilienne akaja na fimbo yake. Alivuta kiti, akakiweka mbali, akanyoosha mikono kama mtu anayechukua chumvi upande wa pili wa meza. Akabonyeza mara mbili tatu.

"Inatikisika," akasema.

Placide akainama kutazama. "Wapi? Mi sioni kitu."

"Inatikisika, shemeji."

Sakafu yetu haiko sawasawa, basi tukaweka katoni chini ya mguu mmoja wa stendi. Inatikisika. Tukaihamishia kwenye kona. Inatikisika. Piano ikarudi kitandani, na ile stendi ya chuma ikawa ya kuanikia nguo. Chumbani nilimwambia Placide kwamba mdogo wangu ameanza kuringa, na nilisema kwa sauti ya kumtosha aliyekuwa upande wa pili wa ukuta.

Henri alikuwa akipiga simu. "Ameisha kuipiga?" Nami nikamjibu, "Bado kidogo." Ukweli ni kwamba niliogopa. Niliogopa kwamba hataki tena, kwamba muziki wake ulibaki kwenye lile tope la njia ya Lusenda. Piano ikiendelea kulala kitandani, siku moja tutaiuza, na yeye atachambua dagaa na kunyamaza maisha yake yote. Wazo hilo lilininyima usingizi.

Nikaenda mwenyewe kwa Néhémie Irakiza, seremala. Familia yao ni ya kule juu Bibokoboko, watu wa ng'ombe, na sasa ana karakana yake hapa mjini. Kazi anaijua. Kujisifu anakujua zaidi. Nilimwambia nataka stendi isiyotikisika, akacheka.

"Mama Divine, nitakutengenezea ya mbao ya muvula. Hata ngombe dume akipanda pale juu, atachoka, atashuka ye mwenyewe."

"Mi sina ngombe. Niko na mudogo wangu, na ye iko mugumu kupita ngombe."

Aliileta kwenye mkokoteni. Sitamnyima sifa yake: miguu minne minene, ubao mpana nyuma uliofungwa kutoka mguu hadi mguu, na vipande vya mshazari kwenye kila pembe. "Uzito hauna shida," akatufundisha, akiipigapiga kama anayepiga shingo ya fahali wake. "Kintu kinaua meza ni kuyumba pembeni." Yeye na Placide wakaweka piano juu. Ilikaa vizuri kuliko tunavyokaa sisi.

Émilienne akavuta kiti, akakiweka mbali. Akanyoosha mikono. Akabonyeza.

"Inatikisika."

Hapo nikapandwa na hasira. "We mutoto, unatafuta nini? Tukuletee support ya mbinguni, ya kushikwa na bamalaika?" Nikakishika kiti kwa nyuma, nikakisukuma mbele pamoja na yeye. Émilienne akapiga kelele, kelele ya kweli, akaushika ukingo wa stendi kwa mikono miwili na kujisukuma nyuma. Nikatazama chini. Miguu yake alikuwa ameikunja chini ya kiti, ameibana kabisa, na ule wa kulia ulitetemeka. Stendi haikusogea hata kidogo. Aliyekuwa anatikisika ni yeye.

"Émi," nikasema, "iko nini?"

"Miguu yangu njo itakuwa chini pale, yaya." Machozi yalikuwa yanamtoka akiniita hivyo, mimi dada yake mkubwa. "Hapana ya shemeji. Hapana ya fundi. Bao banapanda juu, banaruka, banasema iko muzuri. Mi nitakaa chini ya kintu kizito tena."

Hasira yangu iliisha palepale, na niliona aibu, sitaficha. Kila mara tulikuwa tunapima stendi kwa ajili ya piano. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria magoti.

Sasa, maneno ya kubembeleza mimi sinayo. Ningeanza kubembeleza, ningeishia kugomba. Nikawaambia wanaume waondoe piano, wakailaza kwenye mkeka. Nikakunja kitenge changu, nikajishusha kwenye sementi, jambo ambalo kwa mwili wangu si dogo, nikanyoosha miguu yote miwili chini ya stendi mpaka juu ya magoti.

"Baba Divine, panda. Néhémie, na we panda."

Placide akanitolea macho. "Mama Divine, we iko muzima?"

"Panda!"

Hapo ndipo ungemwona Néhémie. Bwana wa ngombe dume akaacha kucheka. "Ngoja kidogo, mama. Ngoja kwanza nikaze hizi visi." Akatoa bisibisi mfukoni, akaizunguka stendi yote, skrubu moja baada ya nyingine, akitupia jicho miguu yangu. Nilimuuliza kama ana mashaka, aseme mapema. Akasema hana mashaka yoyote, kisha akarudi kuikaza tena ile ya nyuma.

Wakapanda. Placide peke yake ni gunia la muhogo na nusu. Mimi nilikuwa shujaa wa miguu tu, macho yalikataa, nikayafumba. "Chezeni!" nikasema. Wakajitikisa, kwanza kwa aibu, halafu kama watoto. Nilisikia harufu ya mbao mpya na ya soksi za mume wangu. Juu yangu hakuna kilicholia.

"Shemeji, sogea pembeni." Ilikuwa sauti ya Émilienne. "Hapa, pa kona. Na fundi akuje papo hapo."

Nikafumbua jicho moja. Alikuwa ameinuka kwa fimbo, ameinama, anakagua pale miguu ya stendi inapogusa sakafu. Mimi hakunitazama kabisa. Wanaume wawili wazima wakajibana kwenye kona moja, kila mmoja nusu ya matako ikiwa hewani.

"Sukumeni mbele. Sasa nyuma." Wakasukuma. Émilienne akaushika mguu wa stendi kwa kiganja, akakiacha hapo. "Yaya, unasikia kintu pa magoti?"

"Nasikia baridi ya sementi pa matako," nikajibu.

Akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, na mimi nikashusha pumzi ambayo nadhani nilikuwa nimeishika tangu siku ya pikipiki. Néhémie naye alishuka akijifuta jasho na kusema kwamba alituambia, alituambia tangu mwanzo.

Wakarudisha piano juu. Placide akachomeka waya kwenye betri ya sola, akaweka sakafuni kile kikanyagio kidogo ambacho mpigaji akikikanyaga kwa mguu wa kulia, sauti haikatiki upesi. Mimi nilikuwa bado palepale chini, miguu mbele, maana kujishusha ni jambo moja na kuinuka ni lingine. Nikasikia kiti kinasogea karibu na bega langu. Hakuna aliyekisukuma.

"Yaya," Émilienne akasema, "toa miguu. Ile ni fasi yangu."

Nikaitoa haraka, na Placide akanivuta kwa mikono miwili mpaka nikasimama. Émilienne akaingiza mguu wa kushoto. Kisha akaushika wa kulia chini ya paja, akauingiza polepole, akatulia hivyo, akingoja kitu kianguke. Hakikuanguka. Akaweka mikono juu ya piano.

Alianza na wimbo wa zamani wa kwaya yao. Vidole vilikuwa vigumu, akakosea, akaguna, akarudia kutoka mwanzo. Sauti zilitoka fupifupi, kila moja inakatika kabla ya nyingine kuja. Néhémie alifungua mdomo ajisifu, nikamkanyaga. Tulisimama nyuma yake sote watatu, tumebanana mlangoni, na hakuna aliyethubutu kukaa.

Katikati ya wimbo sauti zikaanza kuwa ndefu. Moja ilikuwa bado inalia wakati nyingine inaingia, zikajaza chumba. Sikuelewa mara moja kilichobadilika, nikainama kutazama chini ya stendi. Mguu wa kulia ulikuwa juu ya kikanyagio, unabonyeza na kuachia, unabonyeza na kuachia.