Nyasi za Sahauni

Nchi ya Sahauni, kwa yeyote anayeitazama kutoka kilima cha Ikulu, ni nyasi tupu: nyasi zilizonyolewa, zikachanwa, zikanyweshwa kwa mabomba yasiyopumzika, zikashuka mabondeni na kupanda tena hadi upeo wa macho, bila jiwe wala kichaka wala mtu anayepita bila kibali. Wananchi wake huishi pembezoni, katika vibanda vilivyobanana nyuma ya ua wa michongoma, nao huoga kwa zamu ili nyasi zisikose maji. Hawalalamiki. Si kwamba wameridhika, wanaogopa. Katika Sahauni watu huogopa wakiwa wanakula, wakiwa wamelala, hata wakiwa wanacheka, na mtoto hujifunza kunyamaza kabla hajajua kutembea vizuri.

Mtawala wao, Mtukufu Sagamba, alikuwa mcheza gofu. Mawaziri wake nao walikuwa wacheza gofu, maana asiyejua kushindwa naye kwa adabu hakudumu barazani. Waziri wa Nyasi, Mheshimiwa Lambika, alipata cheo hicho kwa ustadi wa kuutumbukiza mpira wake bwawani kila Mtukufu alipoachwa nyuma. Sheria za nchi zilikuwa nyingi na zilibadilika kila uchao, isipokuwa moja: hapo palipo na uwanja hapakuwahi kuwa na kitu. Hapakuwa na mji ulioitwa Kilowezi, wala kisima chake, wala tingatinga zilizoingia asubuhi watu wakiwa bado wanakunywa chai. Aliyekiri kwamba palikuwa na nyumba pale, awaye yote, alichukuliwa, na jamaa zake wakalazimika kuapa kwamba hawakuwahi kumjua.

Mkuu wa watunza uwanja alikuwa Bi Tegemea, mama wa makamo, mwenye maneno machache. Alizaliwa Kilowezi. Asubuhi ile ya tingatinga alikuwa msichana aliyetumwa kusaga mahindi. Aliporudi na unga kichwani, nyumba yao ilikuwa vumbi, na mama yake hakuonekana tena. Miaka mingi baadaye aliomba kazi uwanjani kwa sababu moja tu: kila alipokata nyasi za shimo la tisa, pale ilipokuwa nyumba yao, alijua yuko karibu na mama. Hilo hakumwambia hata mumewe.

Mwaka ule Sahauni ikapewa heshima ya kuandaa mashindano makubwa ya wachezaji wa kulipwa. Mkaguzi kutoka ng'ambo akaja, akazunguka uwanja mzima akibonyeza ardhi kwa kisigino, akasema udongo umelowa mno; mpira unaanguka na kuzama badala ya kudunda na kukimbia. Ardhi ikaushwe hadi iwe ngumu. Jioni hiyohiyo Mtukufu akaamuru mabomba yafungwe.

Bi Tegemea aliposikia, alijua kitakachotokea. Aliwahi kuona pampu ikiharibika wakati wa kiangazi, na aliona nyasi za shimo la tisa zilivyoanza kubadilika kabla fundi hajafika. Akaenda ofisini kwa Waziri.

"Mheshimiwa, naomba tusifunge maji yote. Tubakize kidogo pale la tisa."

"Kwa nini la tisa?"

"Nyasi za pale hazivumilii jua."

"Nyasi ni zilezile, mama. Au pale chini kuna nini?"

Bi Tegemea alimtazama, akaona kwamba Waziri anajua, na kwamba analiogopa jibu kuliko yeye anavyoliogopa swali.

"Hakuna kitu, Mheshimiwa."

"Basi nenda ukafunge maji."

Jua likafanya kazi yake. Kwanza ulitokea mstari mmoja wa manjano, ulionyooka mno kwa kitu kilichojiotea. Kisha ukapata kona. Kila palipolala misingi ya matofali, mizizi ilikosa unyevu na nyasi zikafa. Penginepo zilibaki kijani. Hivyo ndivyo Kilowezi ilivyorudi juu, kidogo kidogo, bila kelele: vyumba, vibaraza, vichochoro, duara la kisima, mapengo ya milango. Watunza uwanja waliendelea kusukuma mashine zao wakikaza macho mbele, kila mmoja akichelea mwenzake asije akamwona ameona.

Waziri akaleta rangi. Nyasi zilizokufa zikapuliziwa kijani, lakini nyasi kavu hazishiki rangi zikafanana na nyasi hai. Ikatoka kijani iliyokolea, yenye weusi ndani yake, na mji uliokuwa umefifia sasa ukawa umechorwa. Kurudisha maji hakukuwezekana tena, kwani mkaguzi alikwisha kuusifu ugumu wa ardhi mbele ya Mtukufu mwenyewe.

"Wageni wakiuliza, ni mapambo," Waziri alimwambia Bi Tegemea. "Mtukufu akiuliza, umechora wewe."

Siku ya ufunguzi wananchi walitolewa vibandani, wakapangwa nyuma ya kamba ili wapige makofi. Kamera za wageni zilikuwa kila mahali. Mtukufu alicheza na wageni wake hadi shimo la tisa, na hapo akaupiga mpira kwa nguvu zake zote. Ukadunda juu ya ardhi ngumu, ukakimbia kama mkaguzi alivyoahidi, ukapita kwenye pengo kati ya mistari miwili, ukatulia ndani ya chumba kidogo.

"Hiyo mistari ni nini?" Mtukufu aliuliza.

"Huyu mama ndiye aliyechora, Mtukufu," Waziri Lambika akawahi kujibu, akimnyooshea kidole Bi Tegemea aliyesimama pembeni na watunza uwanja wenzake.

Bi Tegemea alipima majibu mawili. Angekubali, angefungwa kwa kuharibu uwanja, na huenda siku moja angetoka. Angekataa, ingebidi aseme mistari imetoka wapi, na waliosema hivyo hawakurudi. Akatembea. Aliufuata mstari hadi kwenye kona, akazunguka bila kuukanyaga, akaingia kupitia pengo, akasimama karibu na mpira.

"Sikuchora," alisema. "Hapa ni jikoni kwa mama yangu."

Askari wakasogea. Kabla hawajamfikia, fundi viatu mmoja aliinama chini ya kamba, akafuata kichochoro, akakata kushoto, akaingia chumba cha jirani. "Na hapa ni kwetu," alisema. Wakafuata wengine, baadhi wakilia, wote wakiogopa, wakipita njia ambazo miguu yao haikuzisahau, na hakuna aliyeruka mstari hata mmoja. Askari hawakujua wamkamate nani. Mmoja wao alikuwa akikodolea macho chumba fulani karibu na kisima, kwa namna isiyofaa mtu aliye kazini.

Kwa kanuni za gofu, Mtukufu alipaswa kuupiga mpira pale ulipo, tena mbele ya kamera. Akaenda kwa hatua nzito hadi kwenye mstari, akainua mguu, akasita. Zilikuwa nyasi kavu zenye rangi. Hata kuku angevuka. Lakini watu walikuwa majumbani mwao, wakimtazama kama anavyotazamwa mtu anayetaka kuingia kimyakimya, na hofu aliyoigawa kwa wote miaka yote bila kujibakizia, sasa aliisikia tumboni mwake. Mdomo wake ukafanya ulichofundishwa utotoni.

"Hodi," alisema.

Neno hilo lilisikika hadi kwa wageni. Lambika alifumba macho. Askari wakatazamana, maana sheria walikuwa wameikariri, na hakuna anayebisha hodi pasipo na nyumba.

Mtukufu alingoja, fimbo mkononi.

"Hodi," alirudia, kwa sauti ndogo zaidi.

Bi Tegemea alikuwa ndani, bado anaogopa, na hakuitikia.